Je, Wajua? Pokhara, Mji wa Ziwa Chini ya Annapurna

Safari hii tuko Nepal, takriban kilomita 200 magharibi mwa Kathmandu, kwenye mji ambao wasafiri wa shanta hupanga kulala siku mbili na kuishia kukaa wiki. Wengi huondoka na picha za ziwa na mlima tu. Nasikitika kila nikisoma wanachoandika, kwa sababu kila kinachopendeza Pokhara kina chanzo chake, na chanzo hicho kina utamu kuliko picha.

Je, wajua kwamba Pokhara haiko juu milimani? Mwambao wa ziwa lake, Phewa, uko takriban mita 800 tu kutoka usawa wa bahari, kimo kisichopishana sana na cha Moshi. Migomba inastawi, michungwa inazaa, na usiku wa Januari sweta moja inatosha. Lakini inua macho kaskazini: kilele cha Machapuchare, mita 6,993, kiko umbali usiofika kilomita 30. Hakuna vilima vingi vya kukupandisha taratibu hadi kwenye theluji. Bonde linaishia, ukuta unaanza. Kilele hicho kinaizidi Uhuru ya Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 1,000.

Je, wajua kwamba milima mitatu kati ya kumi mirefu kuliko yote duniani iko jirani na mji huu? Dhaulagiri ina mita 8,167, Manaslu 8,163, na Annapurna ya Kwanza 8,091.

Je, wajua kwamba Annapurna ndio mlima wa kwanza wa zaidi ya mita 8,000 ambao binadamu alifika kileleni? Ilikuwa tarehe 3 Juni 1950, miaka mitatu kabla ya Everest. Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal waliupanda bila mitungi ya oksijeni, na ramani walizokuwa nazo zilikuwa mbovu kiasi kwamba walitumia majuma kuutafuta mlima kabla ya kuuanza. Gharama yake ilikuwa kubwa: baridi iliwala vidole vya miguu wote wawili, na Herzog akapoteza pia karibu vidole vyote vya mikono.

Je, wajua kwamba Machapuchare, ule mlima unaokaa kwenye kila kadi ya posta ya Pokhara, haujawahi kupandwa rasmi hadi juu? Kwa watu wa bonde hili ni mlima mtakatifu, makao ya mungu Shiva. Mwaka 1957 Waingereza walipewa ruhusa ya kuujaribu, wakiongozwa na Jimmy Roberts, ofisa wa jeshi aliyetumikia vikosi vya Gurkha. Wilfrid Noyce na A. D. M. Cox walifika karibu mita 50 chini ya kilele. Hapo wakasimama, kwa kuwa walikuwa wameahidi kutokikanyaga, wakageuka na kushuka. Baadaye serikali iliufunga mlima kwa wapandaji, na mpaka leo umefungwa. Historia ya kupanda milima imejaa bendera zilizochomekwa vileleni. Kwangu mimi, zile mita 50 zilizoachwa zina heshima kuliko bendera nyingi.

Halafu kuna jambo wageni hawalitarajii. Mlima huo una vilele viwili vilivyopandana kama mkia wa samaki, na ndipo jina lake lilipotoka. Ukiwa Pokhara huoni mkia wowote, unaona mkuki mmoja. Mkia unajitokeza ukizunguka na kuutazama kutoka upande mwingine, siku kadhaa za kutembea kwa miguu.

Je, wajua kwamba Jimmy Roberts huyo huyo ndiye aliyeanzisha biashara ya kuwatembeza watalii milimani Nepal? Mwaka 1964 alifungua kampuni ya Mountain Travel. Wazo lake lilikuwa rahisi: mtu asiye mpanda milima naye anaweza kutembea chini ya Himalaya, mradi kuna hema, mpishi, wapagazi na kiongozi Msherpa. Leo maelfu ya familia hula kutokana na wazo hilo. Yeye mwenyewe alihamia Pokhara, akawa anafuga ndege adimu wa milimani, akafia humo mwaka 1997.

Sasa tutazame chini, maana hapa ndipo penye kisa kizito kuliko vyote.

Je, wajua kwamba ardhi ambayo mji wa Pokhara umejengwa juu yake ilishuka kutoka mlimani? Wanajiolojia walichimbua vipande vya miti vilivyofukiwa ndani ya changarawe ya bonde, wakavipima umri, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Miti ile ilikufa katika vipindi vitatu, vinavyolingana na matetemeko makubwa ya ardhi ya karibu mwaka 1100, 1255 na 1344. Kila mara milima ya nyuma ya Machapuchare ilitikiswa, ikamwaga mawe, matope na barafu, na mzigo huo ukateremka kwa njia ya mto Seti na kutandazwa bondeni kwa unene wa makumi ya mita. Ndani ya mji kuna jiwe moja, Bhimkali, lenye upana wa takriban mita 10. Hakuna mtu aliyelibeba. Lilikuja na matope kutoka mlimani.

Na maziwa je? Nayo ni watoto wa mkasa huo. Vifusi vilipojaa katikati ya bonde viliziba midomo ya mabonde madogo ya pembeni. Mito ya huko ikakosa pa kutokea, maji yakajikusanya. Ndivyo walivyopatikana Phewa, Begnas, Rupa na wadogo zao. Maziwa tisa ya bonde hili yaliingizwa pamoja katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani mwaka 2016. Mgeni anayejilaza ukingoni mwa Phewa na kitabu chake amejilaza kwenye kovu la tetemeko, na naona ni haki yake kulijua hilo.

Je, wajua kwamba mto Seti unapita katikati ya mji na unaweza kukaa siku tatu bila kuuona? Umekata ile changarawe laini ukazama ndani ya korongo jembamba, mahali pengine mita chache tu upana na makumi ya mita kina. Ukisimama kwenye daraja la Mahendra Pul, penye maduka na pikipiki, utausikia kabla ya kuuona: ngurumo kutoka chini ya miguu. Inama juu ya kizuizi, uzoee giza, ndipo utaona utepe mweupe kama maziwa. Weupe huo ni unga wa mawe ya chokaa ambao mto umeusaga njiani.

Tarehe 5 Mei 2012 mto huo huo uliua zaidi ya watu 70. Ilikuwa asubuhi ya jua, wala mvua haikunyesha. Mwamba mkubwa ulimeguka karibu na Annapurna ya Nne, ukaanguka kwa maelfu ya mita, na muda mfupi baadaye ukuta wa matope ukafika kijiji cha Kharapani, ambako watu hukusanyika kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto. Rubani wa ndege ndogo ya kutembeza watalii aliliona wingu la vumbi kutoka angani, akatoa taarifa kwa redio, na onyo likatangazwa mjini. Waliolisikia wakazikimbia kingo za mto.

Je, wajua kwamba ziwa Phewa si la asili tupu? Kwenye mtaa wa Pardi, ambao wageni wanaujua kama Damside, kuna bwawa lililojengwa miaka ya 1960. Katikati ya miaka ya 1970 lilibomoka, likajengwa upya. Maji yake huzalisha umeme na kumwagilia mashamba.

Je, wajua kwamba ziwa hilo linazeeka haraka? Kina chake kirefu kabisa ni takriban mita 24. Mto Harpan huleta mchanga kila msimu wa mvua, na tangu miaka ya 1950 ziwa limepoteza karibu nusu ya eneo lake. Hoteli nazo zilisogea hadi majini, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi ikaingilia na kuamuru majengo yakae umbali wa mita 65 kutoka ukingoni. Wenye hoteli wanalalamika. Mimi niko upande wa ziwa: likifa, hoteli itauza mandhari ya nini?

Wasomaji wa Kisumu na Mwanza watatambua adui mwingine wa Phewa bila kuambiwa: gugumaji. Mmea ule ule wa Amerika Kusini ulioifunika Ghuba ya Winam umefika hata hapa, na vikundi vya wanawake wa Pokhara huingia na mashua kuung'oa kwa mikono na kuurundika ukingoni.

Na je, wajua kwamba samaki unayeagiza katika mgahawa wa ziwani anaweza kuwa sato? Kweli, sato yule yule, tilapia wa mto Nile. Aliingia Phewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, akazaana, na sasa ni sehemu kubwa ya mavuno ya Wajalari, jamii ya wavuvi wanaoishi kandokando ya ziwa. Wateja wanampenda. Samaki wa kienyeji ndio wanaobanwa, na hadithi hiyo watu wa Ziwa Viktoria wanaijua, maana kwao nako sangara aliwabana wenyeji.

Je, wajua kwamba katikati ya Phewa kuna kisiwa kidogo chenye hekalu la Tal Barahi, la mungu wa kike mlinzi wa bonde? Njia ni moja tu, mashua. Mashua za hapa ni za mbao, ndefu na bapa, zimepakwa rangi kali za bluu, nyekundu na njano. Mpiga kasia hukaa nyuma akitumia kasia moja, na jaketi la kuokolea lazima livaliwe hata na mtaalamu wa kuogelea. Nenda Jumamosi. Ndiyo siku ya mapumziko Nepal, kwa hiyo familia nzima huvuka na maua, nazi, ubani, pengine jogoo au mbuzi wa kafara. Jumatatu utapata nafasi ya kupiga picha. Jumamosi utapata watu.

Je, wajua kwamba saa ya Nepal haikubaliani na dakika za nchi karibu zote? Wamejipanga saa 5 na dakika 45 mbele ya saa ya Greenwich. Dar es Salaam na Nairobi ikiwa saa sita kamili mchana, Pokhara ni saa tisa kasorobo. Kalenda yao nayo iko mbele kwa takriban miaka 57: Aprili 2024 walisherehekea kuingia mwaka 2081. Usishtuke tiketi ya basi ikikuonyesha tarehe ambayo wajukuu zako ndio watakaoiishi.

Je, wajua kwamba ndege ilitua Pokhara kabla ya gari kufika? Miaka ya 1950 ndege zilianza kutua kwenye uwanja wa nyasi, na kila ilipotarajiwa moja ng'ombe walifukuzwa kwanza. Barabara ya kwanza, iliyotoka upande wa India, ilifika mwishoni mwa miaka ya 1960. Ile ya Kathmandu ilikamilika katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo mji ulikuwa kituo cha misafara ya nyumbu: chumvi na sufu kutoka Tibet zikishuka, nafaka na nguo zikipanda. Vijana wa Ulaya wenye nywele ndefu waliofuata barabara hizo ndio waliopanga vyumba vya kwanza kwa wakulima wa Baidam, kijiji kilichokuwa mashamba ya mpunga na malisho ya nyati, na ambacho leo ndicho mtaa wa Lakeside, wenye hosteli, mikahawa na maduka ya kukodisha makoti ya baridi.

Je, wajua kwamba wakimbizi wa Tibet wameishi hapa tangu miaka ya 1960? Walipewa makazi kama Tashi Palkhel na Tashi Ling, na vizazi vimezaliwa humo. Wazee bado hufuma mazulia kwa mkono, fundo kwa fundo. Ukitaka zulia, linunue kwenye karakana ya kambi, na kabla ya kutaja bei kaa kitako uangalie. Mfumaji anapitisha uzi kwenye fimbo ya chuma, anaukata kwa kisu, anagonga safu kwa nyundo yenye meno, kisha anaanza tena. Baada ya dakika kumi hutakuwa na hamu ya kuomba nusu bei.

Je, wajua kwamba Pokhara ina kambi ambako jeshi la Uingereza huchagua askari wake wa Gurkha? Maelfu ya vijana wa milimani, wengi wao wa jamii za Gurung na Magar, hugombea nafasi mia chache kila mwaka. Jaribio maarufu ni mbio za doko. Doko ni kikapu cha mianzi chenye umbo la pembe, kipana juu na chembamba chini. Hakina mikanda ya mabegani. Kinashikiliwa na ugwe mmoja mpana, namlo, unaopita chini ya kikapu na kukaa juu ya paji la uso, hivyo uzito wote unabebwa na shingo na uti wa mgongo. Wanawake wa Mlima Kenya waliobeba kuni kwa ugwe wa kichwani wanaielewa kazi hiyo. Kwa miaka mingi kijana alitakiwa kupanda mlima zaidi ya kilomita 5 na kilo 25 za mchanga mgongoni, kwa muda usiozidi saa moja.

Kuna kiungo kingine, ambacho kwetu kinasahaulika. Mwaka 1944, vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland waliokuwa kwenye kikosi cha King's African Rifles (KAR) walipigana katika misitu ya Burma ndani ya Jeshi la Kumi na Nne, jeshi lile lile lililokuwa na vikosi vya Gurkha. Jenerali wao, William Slim, alikuwa mwenyewe ofisa wa Gurkha. Babu wa mtu wa Pokhara na babu wa mtu wa Tabora huenda walilowa mvua moja.

Tukizungumzia mvua: je, wajua kwamba kituo cha Lumle, magharibi kidogo mwa mji, hupata zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka? Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Nepal. Mawingu ya Juni hadi Septemba hutoka kusini, yanagonga ukuta wa Annapurna, yanamwaga kila kitu upande huu. Ng'ambo ya ukuta, Mustang ni nusu jangwa. Wakati huo vijia vya msituni vimejaa ruba, na mlima unaweza kufichika juma zima. Oktoba na Novemba ndio wakati wa anga safi, na hata hapo mlima huonekana vizuri alfajiri. Ikifika saa nne au tano asubuhi, mawingu huanza kuupanda. Hii ndiyo sababu ninayowapa wanaolala usiku mmoja: unaweza kufika Pokhara, ukaondoka, usiuone kabisa.

Je, wajua kwamba dal bhat, yaani wali, dengu na mboga, huongezwa bure mpaka ushibe? Wengi huila mara mbili kwa siku. Inakuja kwenye sinia la chuma: wali katikati, bakuli la dengu, viazi vya masala, mboga za majani, achari ya kuwasha, na ukibahatika gundruk, majani yaliyochachushwa na kukaushwa, yenye ukali unaoamsha ulimi. Mwenye nyumba hupita na sufuria akiongeza kabla hujaomba. Funika sinia kwa mkono ukishatosheka, la sivyo ataongeza tu. Nyama ya ng'ombe usiitafute, kwa kuwa ng'ombe ni mnyama wa taifa na kumchinja ni kosa la jinai. Momo, vile vifurushi vya unga vya mvuke, zikiwa na nyama nyekundu huwa ni za nyati wa kufugwa.

Na haya ya haraka haraka. Maporomoko ya Davis yalipata jina kutokana na mwanamke wa Uswisi aliyesombwa na maji mwaka 1961. Maji hayo yanatumbukia ardhini na kuonekana tena ndani ya pango la Gupteshwor, ng'ambo ya barabara. Stupa (hekalu la kuba) nyeupe ya amani juu ya kilima cha kusini mwa ziwa ilijengwa na watawa wa Kibudha kutoka Japani: msingi uliwekwa mwaka 1973, serikali ikaibomoa, na ikazinduliwa hatimaye mwaka 1999. Kutoka Sarangkot, takriban mita 1,600, watu huruka kwa parachuti la mbawa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulizaliwa hapo mchezo wa kuruka pamoja na tumbusi waliofunzwa, ambao huonyesha palipo na hewa ya joto inayopanda. Tumbusi wa Asia Kusini walikuwa wakiangamia kwa dawa ya mifugo iitwayo diklofenaki, iliyopigwa marufuku Nepal mwaka 2006.

Je, wajua kwamba huwezi kutoka Lakeside asubuhi na kujiendea tu milimani? Eneo la Hifadhi ya Annapurna, lenye kilomita za mraba 7,629, ndilo hifadhi kubwa kuliko zote Nepal, na kibali cha kuingia hutolewa Pokhara. Tangu Aprili 2023 kanuni inamtaka mgeni awe na kiongozi mwenye leseni. Wasafiri wa shanta wengi waliichukia kanuni hiyo. Mimi naikubali, kwa kuwa kiongozi hutambua ugonjwa wa kimo kabla ya wewe kuukiri. Kambi ya chini ya Annapurna iko mita 4,130, na kutoka mwambao wa ziwa mwenye haraka anaweza kuifikia kwa siku chache mno kwa afya yake. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma na chakula kukataa. Zikikupata, lala hapo hapo ulipo. Zisipokwisha, shuka, hata kama ni usiku.